Kabla ya Kambi, Mwalimu

Mitihani ya kidato cha nne ikikaribia, skuli nyingi za Pemba huwa na kambi. Wanafunzi huhamia na mikeka na vyandarua, wazee huchangishana mchele na nazi, na wasomeshaji wa usiku mara nyingi ni vijana waliopita skuli hiyohiyo, sasa wako chuo kikuu na wamerudi likizo. Hawalipwi. Humkalisha mdogo wao juu ya swali la fizikia mpaka limfunguke, kisha wakamweleza namna ya kuomba mkopo wa chuo. Mtoto wa mchuma karafuu wa Micheweni humsikiliza kaka kama huyo kuliko mshauri yeyote.

Lakini kambi humfikia mtoto aliyekwama zamani. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto wa Tumbe au Msuka, ambaye nyumbani hasikii ila Kipemba, hujikuta akisoma sehemu na desimali kwa lugha asiyoimudu. Na mwalimu wake naye pengine alipita njia hiyohiyo, katika darasa lililojaa pomoni. Huyu mwalimu ndiye wa kushikwa mkono kwanza.

Kwa hiyo simsifu mgeni anayekuja kujitolea wiki chache, akashika chaki yeye, mwenye darasa akabaki kutazama. Akiondoka, somo limeondoka naye. Heri aende kituo cha walimu, kama kile cha Michakaini au cha Mitiulaya, akae na walimu wenyewe waandae somo la asidi na besi pasipo maabara. Choya ichemshwe, maji yake yagawiwe vikombe viwili. Kimoja kikamuliwe ndimu: wekundu unazidi kukolea. Kingine kitiwe maji ya majivu yaliyochujwa: rangi inageukia kijani. Mwalimu aliyelifanya hilo kwa mikono yake hahitaji tena mgeni.

Waitwe pia walimu wa kujitolea, wale vijana wenye vyeti wanaosomesha huku wakisubiri ajira. Kutoka Msuka hadi kituoni Wete ni nauli ya kwenda na kurudi, na asiye na mshahara huitoa mfukoni. Anayetaka kuisaidia Pemba lakini hajui kusomesha, na aanze kwa kulipa nauli hiyo.