Mgeni wa Chuo Apewe Mwenyeji

Mwanachuo wa mwaka wa kwanza ashukaye Tukuyu kutoka Lindi au Dodoma hukutana na mengi asiyoyazoea: baridi ya Mlima Rungwe, mvua nyingi, na ratiba ambayo hakuna mzazi wa kumhimiza kuifuata. Wilaya hii ina vyuo vya ualimu vya Mpuguso na Tukuyu, na kila kijana aingiaye humo anatazamiwa kusimama kesho mbele ya watoto wetu. Akikata tamaa na kufunga sanduku lake, hakupotea yeye peke yake. Darasa zima la kijijini limempoteza mwalimu wake.

Ni nani basi amshike mkono? Mkufunzi ana wanafunzi wengi, na mgeni humwogopa. Aliye karibu ni mwenziwe wa mwaka wa pili. Lakini kutangulia si kujua kulea. Wapo wanaougeuza utangulizi wao kuwa fimbo, wakawatuma wageni kama watumishi. Kwa hiyo wale watakaochaguliwa kuwaongoza wenzao sharti wafundishwe kwanza.

Wafundishwe kusikiliza kabla ya kushauri. Wafundishwe kutunza siri, na pia kujua mpaka wa siri, maana penye hatari ya maisha kunyamaza ni kosa. Wajue ni shauri gani lipelekwe kwa mkufunzi mlezi, lipi kwa mhasibu, na lipi kwa mganga. Zaidi ya yote, wajifunze kumwonyesha mgeni namna ya kufanya kazi yake, wala wasimfanyie. Nao wenyewe wawe na mkufunzi wa kukutana naye kila juma, wasije wakaelemewa na mizigo ya wengine.

Wako watakaosema kwamba aliyefika chuoni ni mtu mzima, ajitegemee. Wafanyakazi wenzetu wa viwanda vya chai wanajua jibu. Mtu mzima aajiriwaye leo haachwi peke yake mbele ya mashine. Mkongwe humwonyesha, kisha humwachia. Kujitegemea nako hufundishwa.

Tena fikira hii si ngeni Rungwe. Bibi Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey walifanya uchunguzi kwa Wanyakyusa kati ya miaka 1934 na 1938, alieleza katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951 jinsi wavulana wa miaka kama kumi walivyotoka nyumbani kwa baba zao wakajenga vibanda vyao wenyewe, rika moja mahali pamoja. Waliendelea kula kwa mama zao na kulima mashamba ya baba zao, lakini adabu na maarifa mengi waliyapata katika mazungumzo ya wenzao. Ushirika huo mwema waliuita ukwangala. Rika lilifundisha, na wazee hawakuacha kuangalia.

Basi wakuu wa vyuo watenge siku chache kabla ya wageni kuwasili, wawafundishe wale wa mwaka wa pili, na kila mmoja wao apewe wageni wachache awajuao kwa majina. Jambo hili halidai jengo jipya wala fedha nyingi. Ladai moyo, mpango, na mkufunzi wa kulisimamia. Tusingoje mpaka kitanda kibaki kitupu bwenini ndipo tuulize mwenyewe alikwenda wapi.