Ukomo wa Abiria Majini: Msafiri wa Katindiuka Ajipange Mapema

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

Wakazi wa Katindiuka wanakumbuka enzi za kuvuka Mto Kilombero kwa kivuko: kikijaa, msafiri alisubiri hadi kirudi. Daraja la Magufuli, lililozinduliwa Mei 2018, lilimaliza kadhia hiyo. Hata hivyo, kwa wanaosafiri kwenda Zanzibar au visiwa vya Ziwa Victoria, ukomo wa abiria bado upo, nao ni kinga yao.

Chombo kinapozidishiwa mzigo hudidimia zaidi, na abiria wakihamia upande mmoja kinaweza kupinduka. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara. Zaidi ya watu 220 walipoteza maisha.

Ukomo wa aina yoyote hubadili ratiba ya msafiri. Mwaka 2021 Italia ilizuia meli kubwa za watalii kupita katikati ya mji wa Venice. Nyingi zikahamishiwa bandari nyingine, na abiria wake humalizia safari kwa basi.

Hivyo, anayetoka Ifakara kwenda Zanzibar anashauriwa kukata tiketi ya boti kabla ya kuondoka, kubeba kitambulisho na kuacha muda wa kutosha baada ya kufika Dar es Salaam, kwani basi au treni huweza kuchelewa. Akielezwa kuwa chombo kimejaa, asilazimishe kupanda. Kusubiri safari inayofuata ni usumbufu wa saa chache. Kupanda chombo kilichozidisha abiria ni kuhatarisha maisha ya wote waliomo.