Pindo la Mfarishi Halikatwi kwa Kukisia

Ukiutazama mfarishi wa vipande vya vitambaa, jicho hukimbilia katikati, kwenye rangi. Wachache huutazama ukingo. Na ukingo ndio unaoshikwa kila asubuhi, ndio unaoburura sakafuni, ndio unaosuguliwa siku ya kufua. Mfarishi huanza kuchakaa pembeni.

Hayo niliyazingatia Isiolo, mji wanamokutana Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, nilipoketi barazani kwa fundi mmoja wa cherehani. Alikuwa amekwisha kuunga mabaki ya shuka, leso na sare za shule. Lililobaki ni pindo. Mwenye kazi, mama wa makamo, alinung'unika: "Fundi, wataka ninunue kitambaa kingine kwa ajili ya utepe tu?"

Fundi hakugombana. Alitwaa chaki akampigia hesabu.

"Mama, mfarishi wako una sentimita 200 kwa 240. Mzunguko wake ni 880. Tia 25 za pembe na za kufungia, zawa 905. Kitambaa cha upana wa 110, nikiondoa kingo zake, chanipa kanda za 105. Kanda 9 ni 945. Utasema zatosha. Lakini naziunga hanamu, na kila kiungo hula sentimita 6, sawa na upana wa ukanda. Viungo 8 vimekula 48. Zimebaki 897. Nimepungukiwa na 8, na rangi ile dukani imekwisha!"

Basi hukata kanda 10, yaani sentimita 60 za kitambaa. Mama alicheka, akafungua kibindo.

Kwa nini hanamu? Kiungo cha moja kwa moja hurundika matabaka mahali pamoja, pakafanya nundu. Cha mshazari huyatawanya. Ukingo wa mviringo nao hutaka ukanda wote ukatwe hanamu, kwani kitambaa kilichokatwa hivyo hunyumbuka na kufuata pindi. Ukingo ulionyooka watosheka na ukanda uliofuata uzi.

Mapana yanayozunguka vipande, kabla ya pindo, yana siri yake. Usiyapime kwa kufuata ukingo, kwa kuwa ukingo umekwisha kuvutika mikononi. Pima katikati ya mfarishi, ukate kwa kipimo hicho. Asiyefanya hivyo atashona mawimbi, na mawimbi mahali pake ni baharini.

Sisi watunzi wa mashairi twaijua adabu hii. Mizani moja ikizidi, ubeti mzima huchechemea, hata maneno yawe matamu namna gani.

Leo mablanketi ya kiwandani yamejaa madukani, na fundi wa barazani hubembelezwa apunguze ujira. Msomaji, ukimpelekea mabaki yako, bishana naye kuhusu rangi ukipenda. Kwa pindo, mlipe haki yake. Hapo ndipo umri wa mfarishi ulipo.