Whitby: Mji Unaokwenda na Maji

Wengi wakipanga safari ya Whitby, mji mdogo wa bandari kaskazini-mashariki mwa Uingereza, huanza na utabiri wa hali ya hewa. Wanajisumbua. Hata Agosti maji ya bahari huwa ya nyuzi 14 au 15 tu, na ukungu huingia adhuhuri bila hodi. Cha kuangalia ni jedwali la maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua tofauti hukaribia mita 5, na mambo mengi ya mji hufuata saa hizo.

Chukua daraja. Mto Esk unaugawa mji pande mbili, na daraja lililo karibu na bandari hugeuzwa ubavu ili vyombo vipite, kuanzia saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa mbili baadaye. Mwenye miadi ng'ambo asubiri.

Maji yakitoka, ufukwe unafunguka. Miamba ya hapo ni ya enzi ya Jurasiki, yenye umri wa miaka milioni 180 hivi, na kila dhoruba huimega. Ndani yake mna jeti: mti wa kale uliozama, ukafunikwa na tope, ukabanwa hadi ukawa kito cheusi. Malkia Victoria alipofiwa na mumewe mwaka 1861, vito vya jeti vikawa pambo la msiba, na mafundi wa Whitby wakapata kazi tele. Ukiokota kipande cheusi, kisugue nyuma ya kigae cha kauri, pale pasipong'arishwa. Mstari wa hudhurungi, umepata jeti. Mstari mweusi, umeokota makaa ya mawe. Usitafute chini ya jabali, maana mawe huporomoka.

Usijaribu kufika kijiji cha Robin Hood's Bay kwa kufuata ufukwe. Maji huwahi kuufikia mwamba na kukufungia njia. Pita njia ya juu, mwendo wa saa tatu hivi, au panda basi. Mbele kidogo ya kijiji hicho iko Boggle Hole, hosteli iliyomo katika kinu cha zamani, karibu kabisa na maji. Kwa mwenye mfuko mwepesi, sijui malazi bora zaidi.

Juu ya mji, baada ya vidato 199, yapo magofu ya abasia. Wageni wengi hupanda kwa ajili ya Dracula, kwa kuwa Bram Stoker alikaa Whitby mwaka 1890 na kuutumia mji katika riwaya yake ya 1897. Mimi naona kisa cha zamani zaidi kina utamu kuliko hicho. Abasia ya kwanza ilianzishwa mwaka 657 na Mtakatifu Hilda, na mwaka 664 viongozi wa Kanisa walikutana hapo kubishania hesabu ya tarehe ya Pasaka, inayotegemea mwezi. Mfalme wa huko, Oswiu, alifuata hesabu moja na malkia wake nyingine, hata ikatokea mfalme anasherehekea ilhali mkewe bado anafunga. Waliowahi kula Idi siku mbili tofauti katika mtaa mmoja wanaijua hali hiyo. Oswiu akaamua kufuata Roma.

Chakula ni samaki, hasa chewa na hadoki, na chipsi. Ila Yorkshire, jimbo ulimo mji huu, kwa kawaida hukaangia mafuta ya ng'ombe. Ndiyo yanayofanya ganda liwe kavu na kukatika vizuri. Mwislamu, Mhindu na asiyekula nyama waulize kabla ya kuagiza, maana baadhi ya maduka yana karai la mafuta ya mimea. Mbadala ni heringi wa moshi wa Fortune's, Henrietta Street, kazini tangu 1872: hupasuliwa, hutiwa chumvi, hutundikwa juu ya moshi wa kuni. Ukila nje, shikilia chakula chako kwa mikono miwili. Shakwe wa hapo hawana haya.

Nyumba za wageni zimejaa West Cliff. Mwishoni mwa Oktoba, wapenzi wa mavazi meusi ya Kigothi hufurika na vyumba huadimika, kwa hiyo weka nafasi miezi kadhaa kabla. Unapopiga simu, taja pia kifungua kinywa: soseji na bekoni za huko kwa kawaida ni za nguruwe, na mwenye nyumba akiarifiwa mapema hukuandalia mayai au heringi.