Joto la Bahari na Ulaji wa Tasi



Katika kukagua vitabu vya vyama vya msingi vya pwani, mara nyingi nimeikuta hoja moja katika mihtasari ya mikutano. Wakulima wa mwani hulalamika kwamba tasi wamezidi kuyala mashamba yao. Wavuvi wa madema hujibu kwamba tasi hawapatikani. Katika chama kimoja mzozo huo ulikaribia kukivunja chama. Kabla ya kulaumiana, yatupasa tuelewe yanayotendeka majini.

Samaki hana joto lake mwenyewe kama alivyo ng'ombe. Mwili wake hufuata joto la maji. Maji yakipata joto, kazi za mwili wake huenda mbio: chakula huyeyuka upesi na njaa humrudia mapema. Kwa kadiri, joto likipanda nyuzi 10, kazi hizo huongezeka mara mbili au zaidi. Lakini upo mpaka. Joto likizidi kiasi anachokiweza, samaki hupunguza kula, hudhoofika, au huhamia penye kina. Kwa hiyo mkulima na mvuvi waweza wote wawili kuwa wasema kweli.

Mwani nao huumia. Tangu kilimo chake cha biashara kianze Unguja mwaka 1989, wakulima wameona kwamba kotonii, wenye bei kubwa kuliko spinosamu, hauvumilii maji ya moto ya kina kifupi. Matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika. Mwani ulioliwa na tasi huwa umedonolewa ncha. Basi si kila hasara ni ya tasi.

Pale joto na ulaji vinapokutana, hasara huwa kubwa zaidi. Magharibi mwa Australia, joto la bahari la mwaka 2011 liliua misitu ya mwani mkubwa katika pwani yenye urefu wa kilomita zipatazo 100. Maji yalipopoa, mwani haukurudi, kwa kuwa samaki wa bahari za joto, wakiwamo jamaa za tasi, walikuwa wameongezeka huko na kuula kila ulipochipua.

Hata hivyo, shauri la kuwamaliza tasi si jema. Mwaka 1998 joto liliua matumbawe mengi ya pwani yetu, na juu ya matumbawe yaliyokufa huota magugu ya bahari. Tasi na pono ndio wapaliliaji wa magugu hayo. Wakitoweka, matumbawe machanga hukosa mahali pa kushika, na mvuvi hukosa samaki.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, kila katibu afungue daftari la hasara za mwani, aandike tarehe, mahali, kina cha maji, na kama mwani ulipauka au ulidonolewa. Pili, chama kijaribu kamba chache penye maji ya kina zaidi kabla ya kuhamisha shamba zima. Tatu, wakulima na wavuvi wakubaliane mahali pa kutegea madema karibu na mashamba, na tasi wadogo warudishwe baharini.

Chama kisichoandika hasara zake hubaki kubishana kila msimu. Chenye daftari hukaa kikaamua.

Mkaguzi wa Ushirika