Kisimamo cha Arafa na cheo cha Makuraishi

Anayeswali Mwembesongo, mjini Morogoro, huipa mgongo milima ya Uluguru. Makka iko kaskazini, ikipinda kidogo tu kuelekea mashariki, umbali wa kilomita zipatazo 3,100. Kila siku mara tano nyuso hugeuzwa upande huo, za wenye nauli na wasio nayo. Hija yenyewe ni wajibu mara moja katika umri, tena kwa mwenye uwezo.

Waarabu walikuwa wakihiji karne nyingi kabla ya Mtume Muhammad. Qur'ani inaurudisha mwanzo wake kwa Nabii Ibrahim, aliyeinua kuta za Kaaba pamoja na mwanawe Ismail, kisha akaamriwa awatangazie watu hija. Kukimbia mara saba kati ya vilima vya Safa na Marwa ni kumbukumbu ya Bi Hajar, mama wa Ismail, akihangaika kumtafutia mtoto maji. Kwa hiyo hata mfalme, akihiji, hufuata nyayo za mama aliyeachwa jangwani.

Baadaye masanamu yalijaa Kaaba, na Makuraishi, wenyeji wa Makka, wakajipa upendeleo. Mahujaji wengine walitoka hadi uwanda wa Arafa, kilomita 20 hivi. Makuraishi waliishia Muzdalifa, kabla ya kufika Arafa, wakidai watu wa Nyumba, yaani Kaaba, hawatoki nje ya mipaka yake mitakatifu. Mgeni naye hakuruhusiwa kutufu, yaani kuizunguka Kaaba, kwa nguo zake: aazimwe na Kuraishi, la sivyo azunguke uchi.

Uislamu uliyafuta yote mawili. Kutufu uchi kulipigwa marufuku mwaka 631, na aya ya 199 ya Surat al-Baqara ikawaamuru Makuraishi watoke kule watokako watu wote. Mwaka 632, katika Hija ya Kuaga, Makuraishi hawakuwa na shaka kwamba Mtume, mwenzao wa ukoo, angesimama Muzdalifa. Akapita moja kwa moja hadi Arafa. Shuka mbili zisizoshonwa anazovaa kila mwanamume katika ihramu nazo hazimtambulishi tajiri wala mchukuzi.

Ajabu ni kwamba sisi tunamrudishia hujaji cheo mara tu anaposhuka kwenye ndege: Alhaji, Hajjati. Hakuna anayepewa jina kwa kufunga Ramadhani, ingawa nayo ni nguzo.

Wanaobaki nyumbani nao wana fungu lao. Tarehe 9 ya Mfunguo Tatu, mahujaji wakiwa Arafa tangu jua lipinduke hadi litue, Waislamu wengine hufunga; tarehe 10 ni Idd, na wenye uwezo huchinja. Saa za Tanzania na za Makka ni zilezile, lakini mwezi huzua mjadala. Wapo wanaofuata tangazo la Saudi Arabia, wapo wanaosubiri uandame hapa nchini. Idd zikipishana kwa siku moja, nyama ya udhiya huweza kubisha hodi kwa jirani ambaye bado amefunga swaumu ya Arafa, naye akaiweka hadi magharibi.