Kulisoma Gari Kabla ya Kulifungua: Utangulizi wa Ukarabati wa Land Rover za Zamani

Mwaka 1947 Uingereza ilikuwa na viwanda vingi na chuma kidogo. Serikali ilikigawa chuma kwa kibali, na waliouza bidhaa nje ya nchi ndio waliotangulizwa. Kampuni ya Rover, iliyozoea kuunda magari ya watu wenye nafasi, ilikuwa na kiwanda kikubwa Solihull na haikuwa na kazi ya kukitosha. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na shambani hapo alitumia jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani. Akaona kwamba Rover inaweza kumuundia mkulima gari la namna hiyo. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo, Land Rover, lilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam.

Bodi yake ilikuwa ya aloi ya alumini, kwa kuwa viwanda vya ndege vilikuwa vimeacha alumini ya kutosha. Mabati yake yalikuwa bapa, yaliyokunjwa kidogo tu, kwa sababu kampuni ilikwepa gharama ya mashine za kufyatulia maumbo ya mviringo. Chesisi ilikuwa ya chuma: mabamba manne yaliyochomelewa kingo kwa kingo hadi yakawa boksi refu lenye uwazi ndani.

Wewe unayetaka kukarabati Land Rover ya zamani uani kwako, karibu. Nimeanza na historia kwa makusudi, maana maamuzi hayo ndiyo utakayokutana nayo kila ukishika spana. Uhaba wa miaka ile ndio uliofanya gari hili litengenezeke nyumbani, na uhaba huohuo ndio chanzo cha ugonjwa wake mkubwa.

Madigadi, milango, boneti, paa na sanduku la nyuma vimefungwa kwa bolti. Mtu mwenye jeki, spana na jamaa wawili wa kunyanyua anaweza kuivua bodi yote bila kukata chochote. Magari machache ya leo yana ukarimu huo. Ila spana zenyewe zichague vizuri. Land Rover hizi zimechanganya vipimo vya zamani vya Kiingereza na vile vya inchi vilivyofuata. Ukilazimisha spana ya milimita utakula kona za nati, na nati iliyolika kona kwenye chuma chenye kutu ni kazi ya siku nzima.

Ugonjwa nao ni huu. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, hasa unyevu wenye chumvi, hutokea umeme mdogo kati yao, kama ndani ya betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Inua ukingo wa mlango wa gari lililokaa Tanga au Mombasa, utaona rangi imevimba na chini yake kuna unga mweupe. Kupaka rangi juu ya unga huo ni kupoteza rangi. Fungua, safisha hadi metali inayong'aa, kisha weka kizuizi kati ya metali hizo mbili: praima inayofaa, gasketi nyembamba, au vyote viwili. Wengi hukimbilia bolti zisizoshika kutu wakidhani wamemaliza tatizo. Bolti hizo zikigusa alumini bila kizuizi huongeza ulaji.

Chesisi huoza kutoka ndani, kwa sababu tope huingia kwenye boksi na kukaa. Kwa nje inaweza kuonekana nzima. Chukua nyundo ndogo, lala chini, uigonge pole pole kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu, na mara nyingine nyundo hupenya. Kazia macho mhimili wa mwisho wa nyuma, mikono inayobeba bodi ubavuni, na mahali springi zinaposhikiliwa. Ukuta unaotenganisha injini na abiria nao ni wa chuma, na huoza miguuni pa dereva. Hapo ndipo penye gharama. Injini ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza mwaka 1958, haipaswi kukutisha: fundi yeyote makini ataielewa.

Kisha tafuta namba ya chesisi. Kwenye matoleo ya Series II na III imegongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele upande wa kulia. Tarakimu za mwanzo za magari ya miaka ya 1960 hueleza urefu, aina ya injini, upande wa usukani, na kama gari lilisafirishwa likiwa vipande ili liunganishwe ng'ambo. Huo ni ushahidi, na msasa usiuguse.

Hapa fani yetu ina mjadala ambao ningependa uuingie mapema. Gari lililofanya kazi porini, misheni au polisi Afrika Mashariki halikubaki kama lilivyotoka Solihull. Paa lilikatwa ili watalii wasimame, kiraka kikachomelewa, injini ya dizeli ya Kijapani ikapachikwa. Je, ukarabati ni kufuta yote hayo? Mwaka 2018 kampuni yenyewe ilitangaza kulikarabati gari mojawapo la maonesho ya 1948, lililokuwa limepatikana karibu na Solihull, na ikaamua kuacha rangi yake iliyochakaa. Msimamo wangu ni kwamba kiraka kibovu kinachohatarisha maisha kiondolewe bila huruma, lakini kiraka kizuri cha fundi wetu kina haki sawa na bolti ya kiwandani. Kipige picha, kiandike daftarini, ndipo uamue.

Kabla ya yote, usalama. Tangi la petroli la gari fupi liko chini ya kiti. Litoe kabla ya kuchomelea chochote. Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo lilowanishe na ulifute, usilipulize kwa upepo. Angalia pia betri: kwenye magari mengi ya kabla ya miaka ya 1970, upande uliofungwa kwenye bodi ni chanya. Ukilihakikisha hilo, anza na breki. Silinda zake ndogo za magurudumu huvuja gari likikaa muda mrefu, na hakuna haja ya kuamsha injini ya gari ambalo bado haliwezi kusimama.